Mmoja Acheze, Wenzake Waseme



Kuna jambo linalotusumbua sisi tunaofundisha lugha katika masomo ya juu hapa Lubumbashi, nasi tumeona vema tulitafakari pamoja nanyi, kwa kuwa wengi wenu ni wazazi wa wanafunzi wetu, na wengine ni wanafunzi wenyewe. Kijana huanza Kiingereza katika shule ya sekondari. Hufika chuo kikuu, akakisoma tena mwaka baada ya mwaka, na mitihani huifaulu. Kisha siku moja huitwa kwenye mahojiano ya kazi, au hukutana na dereva wa lori aliyetoka Zambia, naye hushindwa kutamka sentensi tatu mfululizo. Maneno anayo; yamejaa katika madaftari yake. Kinywa ndicho kisichofunguka.

Hasara yake si ndogo. Mpaka wa Kasumbalesa uko karibu nasi, mwendo usiofika kilomita 100, na ng'ambo yake Kiingereza ndiyo lugha ya serikali na ya shule. Tangu mwaka 2022 nchi yetu ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mikutano mingi ya Jumuiya hiyo huendeshwa kwa Kiingereza. Vitabu vipya vya tiba, vya uhandisi na vya kilimo hutoka kwa lugha hiyo kabla ya kutafsiriwa, kama vitatafsiriwa. Kijana aliyenyamaza hubaki mlangoni, ingawa wazazi wake wameuza shamba au wamekopa fedha ili afike pale alipofika.

Tumejaribu kutafuta dawa ya ukimya huo. Moja ya dawa tulizozijaribu imewashangaza wazazi kadhaa, hata Papa mmoja akatuambia waziwazi: "Mwalimu, mtoto wangu nimemlipia masomo, sikumlipia michezo." Tulimheshimu Papa huyo kwa kusema ukweli wa moyo wake. Tafakari hii ni jibu letu kwake na kwa wote wanaofikiri kama yeye. Tunataka kusema kwa nini tulileta michezo ya video katika masomo ya lugha, na kwa masharti gani.

Woga ulitoka wapi

Kabla ya kusema habari ya michezo, yatupasa kuuliza kwa nini kinywa hufungwa. Katika nchi yetu lugha ya kigeni haikuja kama chombo cha kuongea tu. Ilikuja pia kama mtihani. Mwaka 1948 utawala wa Wabelgiji uliweka kadi ya sifa njema kwa wale iliowaita waliostaarabika, na mwaka 1952 ukaongeza utaratibu wa kuwaandikisha wachache waliochunguzwa maisha yao na mwenendo wao. Aliyesema Kifaransa vizuri alikaribia mlango. Aliyekosea alirudishwa nyuma. Baada ya uhuru mlango ule ulibadilika rangi, lakini haukuondoka. Wengi wetu tunakumbuka shule ambamo mtoto aliyesikika akisema lugha ya nyumbani alivikwa kitu cha aibu shingoni, akakivaa mpaka amnase mwenzake katika kosa lile lile.

Mtoto aliyelelewa hivyo hujifunza somo moja kwa undani kuliko masomo yote: ni salama zaidi kunyamaza kuliko kukosea. Hulichukua somo hilo mpaka chuo kikuu. Anaingia katika ukumbi wenye wanafunzi mia mbili, mwalimu akiwa mmoja, na silabusi iliyopigwa chapa mkononi. Mwalimu akiuliza swali kwa Kiingereza, vichwa vyote huinama. Mmoja akithubutu kujibu na akakosea, kicheko hutoka viti vya nyuma, na wale mia moja na tisini na tisa huthibitisha moyoni kwamba walifanya vema kukaa kimya.

Stephen Krashen, mtaalamu wa Marekani, aliandika mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba wasiwasi na aibu hufanya kazi kama kichujio: maneno huyafikia masikio ya mwanafunzi, lakini hayapiti kwenda ndani. Wataalamu wenzake wamembishia katika mambo mengi, ila katika hili sisi tunaosimama mbele ya ukumbi ule tunamwelewa vizuri sana. Swali letu likawa hili: ni mahali gani kijana wa leo hukosea mara ishirini kwa saa moja, asione haya, akajaribu tena? Kila tulipochungulia uani jioni jibu lilikuwa mbele ya macho yetu. Vijana wanne wameinamia simu moja. Mmoja anacheza, watatu wanampigia kelele. Akishindwa, wanacheka naye anacheka, kisha anaanza upya.

Wazo lililotutangulia

Wazo hili si geni wala si la kwetu. Katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, mashine iliyoitwa PLATO ilianza kufundishia mwaka 1960, na katika miaka iliyofuata ilibeba masomo ya lugha na michezo kwa pamoja. Lakini mfano unaotugusa zaidi ni wa taasisi ya MIT, ambako mradi ulioitwa Athena ulianza mwaka 1983. Huko mwalimu wa Kifaransa, Gilberte Furstenberg, pamoja na wenzake walitengeneza hadithi ya video inayoitwa *À la rencontre de Philippe*. Philippe ni mwandishi wa habari mjini Paris. Mchumba wake amemfukuza nyumbani, naye hana pa kulala. Mwanafunzi ndiye humsaidia. Husikiliza ujumbe wa simu, husoma matangazo ya nyumba za kupanga, huzungukia vyumba, huamua. Akielewa vibaya, hadithi huenda upande mwingine.

Tazameni hekima iliyomo. Mwalimu hakumwambia mwanafunzi, "Leo tunajifunza msamiati wa nyumba." Alimpa mtu mwenye shida, akamwambia, "Msaidie." Msamiati wa nyumba ulikuja wenyewe, kwa sababu bila huo Philippe hulala nje.

Mwaka 2003 James Paul Gee, profesa wa isimu aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Wisconsin, alichapisha kitabu juu ya yale ambayo michezo ya video yaweza kutufunza kuhusu kujifunza na kusoma. Alianza kufikiri juu ya jambo hilo akimtazama mwanawe mdogo akicheza. Gee asimulia kwamba alipojaribu kusoma kijitabu cha maelezo cha mchezo mmoja kabla ya kuucheza, hakuelewa karibu chochote, ingawa maneno yote aliyajua. Baada ya kucheza kwa saa kadhaa alikirudia kijitabu kile kile, na sasa kila mstari ulikuwa wazi, kwa kuwa kila neno lilikuwa limepata picha na tendo la kushikamana nalo.

Mfano huo ulituingia sana. Silabusi tunazowauzia wanafunzi wetu ni vijitabu vya maelezo vya mchezo ambao hawajawahi kuucheza. Tunawadai wavikariri, kisha tunashangaa kwamba hawawezi kuingia uwanjani.

Anayetazama

Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapoteleza. Wako wanaosema: basi mpe kila kijana simu na mchezo wa Kiingereza, acheze usiku kucha, lugha itamwingia. Hilo si kweli, na uchunguzi mmoja waonyesha kwa nini.

Mwaka 2010 Jonathan deHaan na wenzake wawili walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwa wanafunzi 80 wa chuo kikuu nchini Japani. Waliwapanga wawili wawili, kila jozi ikiwa na watu wanaolingana katika Kiingereza na katika uzoefu wa michezo. Mmoja alicheza mchezo wa muziki ulioandikwa kwa Kiingereza kwa dakika 20; mwenzake alitazama tu mchezo ule ule kwenye skrini nyingine. Kisha wote wawili walipimwa wamekumbuka maneno mangapi, wakapimwa tena baada ya majuma mawili. Wote walikuwa wamepata maneno. Lakini waliotazama walikumbuka mengi kuliko waliocheza. Akili ya mchezaji ilikuwa imejaa kazi ya vidole na mwendo. Nafasi iliyobaki kwa ajili ya maneno ilikuwa ndogo.

Matokeo hayo yangeweza kumkatisha tamaa mwalimu wa Tokyo mwenye kompyuta kwa kila mwanafunzi. Sisi yalitupa moyo. Tulikuwa tukiomboleza kwamba kompyuta ni chache, kwamba wanafunzi watano au sita watalazimika kuketi mbele ya moja. Kumbe yule aliyeketi pembeni hajapoteza kitu, mradi apewe kazi ya kufanya. Upungufu wetu wenyewe ulikuwa unatuonyesha njia: lugha iko katika maneno yanayozunguka mchezo, na maneno hayo huhitaji watu kadhaa waliokaa karibu karibu.

Ndipo tukaweka kanuni moja, ambayo ndiyo msingi wa yote tuliyoyafanya: mmoja acheze, wenzake waseme. Anayeshika kompyuta haruhusiwi kubonyeza chochote mpaka wenzake wamemwambia, kwa Kiingereza, afanye nini na kwa sababu gani. Mmoja husoma kwa sauti kila kinachoandikwa kwenye skrini. Mwingine hushika kanuni za mchezo na kuzitafuta. Mwingine huandika maneno mapya daftarini. Mwingine hujiandaa kusimulia mbele ya darasa mambo yaliyotukia. Kila baada ya robo saa nafasi hubadilishana, na hapa tulikuwa wakali, kwa sababu tuliona upesi kwamba vikundi vyenyewe huwapa wasichana daftari na wavulana kompyuta.

Kibanda cha mpakani

Mchezo tulioutumia zaidi unaitwa *Papers, Please*. Uliandikwa na Mmarekani Lucas Pope na kutolewa mwaka 2013; tangu mwaka 2022 unapatikana pia kwa simu. Hauna mapanga wala mbio za magari. Mchezaji ni ofisa wa uhamiaji katika kibanda cha mpakani, katika nchi ya kubuni inayoitwa Arstotzka, mwaka 1982. Watu wanapanga mstari. Kila mmoja hutoa hati zake, naye ofisa huzikagua: je, pasipoti imekwisha muda wake? Mji uliotajwa ni miongoni mwa miji inayotoa pasipoti? Picha inafanana na uso? Lengo la safari linalotajwa kwa mdomo ni lile lililoandikwa kwenye kibali? Kila siku amri mpya hufika kutoka juu. Ofisa hulipwa kwa idadi ya watu aliowahudumia, na jioni hulipa kodi ya nyumba, chakula na kuni za kuotea moto, huku jamaa zake wakiweza kuugua.

Hatukuhitaji kueleza mambo hayo kwa watu wa Katanga. Kila mmoja amesimama Kasumbalesa, au ana ndugu aliyesimama huko, akiwa na karatasi mkononi na jua kichwani. Walipoona kile kibanda walicheka kicheko cha watu wanaolifahamu jambo. Na Kiingereza kilichohitajika kilikuwa Kiingereza cha kweli cha maisha yao ya kesho: tarehe ya kutolewa, muda wa kukaa, sababu ya kukataliwa, hati inayokosekana. Ilibidi waulize maswali, waeleze tofauti kati ya karatasi mbili, watoe amri na watoe sababu. Ilibidi pia waseme, "Kama tukimruhusu, tutatozwa faini, kama tungemkataa jana, leo tungekuwa na fedha ya dawa." Sentensi hizo zenye sharti tulizifundisha ubaoni miaka mingi, zikafa ubaoni. Pale ziliishi, kwa sababu jamaa ya ofisa ilikuwa inaumwa.

Katika mchezo huo hutokea mume na mke. Mume ana hati zote. Anapita, na kabla ya kuondoka anamsihi ofisa amtendee vema mkewe anayemfuata. Mke anafika. Hana kibali cha kuingia. Anasema kwamba akirudishwa alikotoka atauawa. Ofisa akimpitisha, anavunja amri na huenda akakatwa mshahara. Akimkataa, ametii sheria.

Siku ile hakuna kikundi kilichobonyeza upesi. Kijana mmoja alisema sheria ni sheria, na kama kila ofisa angefuata huruma yake mpaka ungekuwa soko. Mwenzake akamjibu kwamba mpaka wetu tayari ni soko, na huruma haikuhusika. Ndipo akasema msichana mmoja ambaye tangu mwanzo wa mwaka hatukuwahi kuisikia sauti yake. Alianza kwa Kiswahili: "Mwalimu, ngoja kwanza." Kisha akaendelea kwa Kiingereza, polepole, akivunja nyakati za vitenzi, akikosa neno na kulizunguka. Alisema kwamba mama yake mdogo alivuka mpaka namna ile, akiwa amembeba mtoto, na kwamba ofisa aliyempitisha hawakujua jina lake wala hawakumwona tena. Alisema labda dakika tatu. Hakuna aliyecheka. Mwenzake mmoja alimpa neno alilokuwa akilitafuta, kwa sauti ya chini, kama mtu anayempa mwenzake maji.

Hatusemi kwamba mchezo ulimfundisha Kiingereza siku ile. Maneno yote aliyoyatumia alikuwa nayo. Mchezo ulimpa kitu cha kusema ambacho kilikuwa kizito kuliko aibu. Baada ya hapo aliandika kurasa mbili juu ya jambo hilo, na makosa yake ya sarufi tuliyasahihisha pamoja naye, moja moja, akiuliza kwa nini. Mtu husahihishwa kwa faida pale anapokuwa amesema jambo analolijali.

Mchezo tuliouacha

Si kila mchezo unaosifiwa na walimu wa ng'ambo unatufaa. Upo mmoja, *Keep Talking and Nobody Explodes*, uliotolewa mwaka 2015, ambao kwa somo la lugha umeundwa vizuri kupita kiasi. Mtu mmoja huona bomu kwenye skrini lakini hana maelezo. Wenzake wana kitabu cha maelezo kilichochapwa kwenye karatasi lakini hawaruhusiwi kuliona bomu. Ni lazima wasemezane haraka na kwa usahihi, la sivyo linalipuka. Huhitaji kompyuta moja tu kwa watu watano, na kitabu chake hupatikana bure.

Tuliuweka mezani, tukautazama, tukauacha. Katika madarasa yetu wamo vijana waliotoka Kivu. Kwao mlipuko si sauti ya kuchekesha inayotoka kompyutani. Hatukuona haki kumwambia kijana wa namna hiyo achague waya wa kukata huku wenzake wakihesabu sekunde kwa furaha. Tuliuchukua muundo tukaacha bomu: mmoja aliona ramani ya mji na hakuwa na njia, wenzake walikuwa na maelekezo yaliyoandikwa bila ramani, na mgonjwa alikuwa anasubiri dawa upande wa pili wa mji. Karatasi zilitosha, umeme haukuhitajika. Kazi ya kusemezana ilikuwa ile ile. Kwa hiyo twawaambia walimu wenzetu: mtu asiyekuwa na kompyuta hata moja anaweza kuazima muundo wa mchezo, akaujaza maisha ya watu wake.

Mnara na lugha tano

Mchezo mwingine tuliutumia kwa nia tofauti. *Chants of Sennaar* ulitolewa mwaka 2023 na kundi dogo la Wafaransa wa Toulouse liitwalo Rundisc. Hadithi yake imetokana na mnara wa Babeli. Katika kila orofa ya mnara wanaishi watu wenye lugha na maandishi yao, na kila watu wanawaogopa au kuwadharau walio juu na walio chini. Msafiri hupanda bila kujua neno hata moja. Husikiliza, hutazama ishara, huandika makisio yake kando ya kila alama. Mchezo hauthibitishi neno moja moja. Husubiri mpaka amelinganisha alama kadhaa na picha zake kwa usahihi, ndipo humkubalia. Katika lugha ya watu wa chini, wingi huonyeshwa kwa kuirudia alama. Akipanda orofa nyingine hukuta utaratibu mwingine.

Lugha hizo ni za kubuni. Hakuna atakayezitumia sokoni. Tulitaka wanafunzi waone akili yao ikifanya kazi ambayo kila mtoto aliifanya alipojifunza Kiswahili, Kibemba au Kiluba mapajani mwa mama yake: kukisia, kupima, kukosea, kukisia tena. Wengi wao walikuwa wamesadiki kwamba lugha hujulikana kwa kufundishwa kanuni kwanza. Walipofika orofa ya pili bila kufundishwa kanuni hata moja, walituangalia kana kwamba tumewaficha kitu kwa miaka mingi. Pia ile alama inayorudiwa iliwafurahisha. Mmoja alisema ni kama sisi tunavyosema "vikundi vikundi" na "mmoja mmoja".

Na kadiri mchezo unavyosonga mbele, msafiri huanza kuwatafsiria watu wa orofa mbalimbali, ili wasikilizane kwa mara ya kwanza. Sisi tuliosoma Maandiko tunajua kwamba baada ya Babeli iko Pentekoste, ambapo kila mtu alisikia kwa lugha yake mwenyewe. Hakuna lugha iliyofutwa siku ile. Tuliwaambia wanafunzi wetu kwamba anayejifunza Kiingereza hatakiwi kukiacha Kiswahili mlangoni. Kwa hiyo tuliwapa kazi ya kutafsiri mazungumzo ya michezo kwa Kiswahili safi, na hapo ndipo jasho lilipotoka kweli. Waligundua kwamba walikuwa wakielewa Kiingereza nusu nusu na kukifunika kwa Kifaransa. Kiswahili hakikukubali kufunikwa.

Mipaka ya chombo hiki

Tungekuwa tunawadanganya kama tungesema kwamba chombo hiki hakina mipaka. Paul Nation, mtaalamu wa New Zealand, alikadiria mwaka 2006 kwamba mtu anahitaji kujua jamii za maneno kati ya 8000 na 9000 ili asome gazeti au riwaya ya Kiingereza bila msaada. Mchezo mmoja hautampa hata sehemu ndogo ya hayo. Maneno mengine hayana budi kutoka katika vitabu, kwa kusoma sana na kwa muda mrefu. Wala mchezo haufundishi kuandika tasnifu. Huamsha njaa, chakula chenyewe bado kinahitaji kupikwa.

Tena gharama zipo. Kompyuta huazimwa, michezo hununuliwa, mega za intaneti ni ghali kwa mwanafunzi anayetembea kwa miguu ili kuokoa nauli. Tulichagua michezo inayochezwa bila intaneti baada ya kupakuliwa mara moja. Umeme ulipokatika, tuliendelea kwa mdomo: kila mmoja aliandika kwenye karatasi hati ya msafiri wa kubuni, na mwenzake akawa ofisa. Baadhi ya vipindi hivyo vya gizani vilikuwa vizuri kuliko vile vya mwanga.

Wazazi wametuuliza juu ya maadili, na wana haki. Twajua kwamba simu hiyo hiyo hubeba michezo ya kumwaga damu, na michezo ya kamari inayokula ada za vijana wetu mchana kweupe. Hatuviweki vyote katika kapu moja. Sisi wenyewe hucheza mchezo wote kabla ya kuuingiza darasani. Katika ule wa mpakani kuna ukaguzi wa mwili unaoonyesha watu wakiwa uchi. Upo pia mpangilio wa kuzima picha hizo, nasi tuliuzima kabla ya kipindi cha kwanza. Kipindi kina mwanzo na mwisho. Kompyuta hufungwa nusu saa kabla ya muda kwisha, na nusu saa hiyo ndiyo tunayoithamini kuliko zote, kwa kuwa ndipo wanafunzi husimulia, hubishana na kuandika. Mchezo usiofuatwa na mazungumzo tunauhesabu kuwa muda uliopotea.

Kobalti iliyomo simuni

Neno moja lingine tunalileta mbele yenu. Nchi yetu hutoa zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani, na nyingi kati yake hutoka katika ardhi hii ya Katanga, kuelekea Likasi na Kolwezi. Kobalti hiyo huenda mbali, hurudi ikiwa ndani ya betri za simu na kompyuta, nasi huinunua kwa bei kubwa. Miongoni mwa wanafunzi wetu wamo waliolipiwa ada na kaka zao wanaochimba kwa mikono. Tunapomsikia mtu akisema kwamba kompyuta na michezo yake ni mambo ya watu wa mbali, tunakumbuka mikono hiyo. Kijana wa Lubumbashi ana deni la kukitumia chombo hiki kwa jambo lenye maana, kwa sababu ndugu yake alishakilipia kwa jasho, na wakati mwingine kwa uhai.

Kwa kutafakari pamoja

Papa yule aliyetuuliza swali alikuja siku moja kutazama kipindi, kwa mwaliko wetu. Aliketi nyuma, kofia magotini. Hakusema kwamba amebadili mawazo. Aliuliza tu kama kila kijana atapata zamu ya kusema, maana kwa muda wa saa nzima alikuwa amewahesabu. Tulimjibu kwamba hiyo ndiyo kazi yetu kuhakikisha.

Tunawaachia maswali matatu, myajadili nyumbani na katika mikutano yenu.

Ninyi walimu: katika kipindi chenu cha mwisho, ni wanafunzi wangapi waliotamka sentensi yao wenyewe, isiyosomwa mahali popote? Na aliyekosea alipata nini kutoka kwenu, kicheko au neno alilolikosa?

Ninyi wazazi: mtoto wenu anapocheza na simu, je, mmewahi kuketi karibu naye mkamwambia akueleze mchezo ule unasema nini? Msiojua Kiingereza msiogope. Atalazimika kuutafsiri kwa Kiswahili, na kumtafsiria mzazi ni somo gumu kuliko mtihani wa mwisho wa mwaka.

Nanyi wanafunzi: ni nani aliyekaa pembeni mwenu akitazama tu? Mpeni zamu. Msomeeni kilichoandikwa, muulizeni afanye nini, na akikosa neno, mpeni polepole.